Kigwe, mizani, utepe au ubao: kipi kikwambie kama mwanao anakua?

Siku ya tatu ya Idi, nyumbani kwa mama mkwe wangu huko Konde, Pemba, watoto wawili walikaa mkeka mmoja. Wangu ni mvulana, wa mdogo wangu ni msichana, na wamepishana siku tisa tu kuzaliwa. Wote walikuwa wanaingia miezi 18. Wangu mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, na kigwe cheusi alichofungwa kiunoni kimembana mpaka kimeacha alama. Wa mdogo wangu ana shingo ndefu na vijiguu vyembamba, na shanga zake zinamteremka hadi nyongani. Mama mkwe akamshika mwanangu paja, akasema, "Mashaallah, huyu kala akashiba." Kisha akamgeukia mdogo wangu: "Na huyu, mwanangu, humpi nini?"

Mdogo wangu hakujibu. Usiku ule hakulala, maana kule kwao mtaani walishaanza kunong'ona kwamba mtoto kabemendwa, yaani kadhoofika kwa sababu wazazi wamevunja miiko ya kulea. Neno hilo naliogopa kuliko maradhi yenyewe. Humfanya mama amfiche mtoto ndani kwa aibu, siku zile zile ambazo angetakiwa kumtoa apimwe.

Wiki mbili baadaye tuliwapima wote wawili, kwa kila kipimo tulichoweza kukipata. Mwenye tatizo alikuwa wangu.

Ndiyo maana nimeona niviweke vipimo hivi pamoja, kimoja kando ya chenzake, kwa mama au baba anayejiuliza afuate kipi. Vyote vinatumika huku kwetu, kila kimoja hujibu swali lake, na wengi wetu tunakiuliza kipimo kimoja swali la kingine.

Kwanza, mafuta yenyewe

Mtoto wa binadamu huzaliwa na mafuta mengi kuliko watoto wa karibu wanyama wote. Siku anapozaliwa, mafuta ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Akifika miezi sita yamekaribia robo nzima. Tupige hesabu: mvulana wa wastani huzaliwa na kilo 3.3, na akifika miezi sita ana kilo 7.9. Maana yake mafuta yameruka kutoka chini ya nusu kilo hadi karibu kilo mbili. Kilo mbili ndani ya kiwiliwili kidogo kama kile, na ni jambo la heri. Sehemu ndogo yake, yale ya kahawia yaliyo baina ya mabega, humtia joto mtoto mchanga. Yaliyobaki ni akiba. Zaidi ya nusu ya nguvu anayotumia mtoto mchanga akiwa ametulia huliwa na ubongo wake, na ubongo haungoji: mtoto akiharisha siku tatu hataki kunyonya, akiba ile ndiyo inayoulisha.

Baada ya mwaka mmoja mambo hugeuka. Mtoto anasimama, anakimbia, na mafuta yanapungua kulingana na mwili wake. Ataendelea kuwa mwembamba taratibu mpaka kwenye miaka mitano au sita, ndipo aanze tena kujaza. Kwa hiyo mama anayesema "tangu aanze kutembea kakonda" mara nyingi anaona kitu cha kawaida. Wa kuangaliwa kwa makini ni yule anayeanza kujaza tena mapema, kabla ya miaka mitano, kwani watoto wa namna hiyo wameonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya unene wa kupindukia ukubwani.

Urefu ni habari nyingine kabisa. Mtoto huongezeka kama sentimita 25 mwaka wa kwanza na kama 12 mwaka wa pili. Mafuta yakipotea hurudi ndani ya wiki chache, mtoto akipona na akala. Urefu uliopotea hurudi polepole, na mara nyingi haurudi wote. Tena kila kimoja kina chakula chake. Ili anone, mtoto anatosheka na nguvu tu: muhogo, sukari, tui. Ili arefuke anahitaji protini, zinki na madini mengine, na mwili usiokuwa kila wiki unapigana na homa na kuharisha. Inawezekana kabisa basi mtoto akanona na asirefuke, na jicho letu likaona mashavu peke yake.

Kigwe na mizani

Naanza na kigwe kwa heshima, kwa sababu si upuuzi. Bibi anayemfunga mjukuu uzi au shanga kiunoni, akawa anausikiliza kwa kidole kila anapomwogesha, anapima mzingo wa mwili. Utepe wa hospitali hufanya kazi hiyo hiyo mkononi. Uzuri wa kigwe ni kwamba kipo kila siku, hakina foleni, hakina nauli. Kikilegea ghafla baada ya wiki ya kuharisha, kimesema kweli, na mama asingoje tarehe ya kliniki.

Udhaifu wake ni mwingi pia. Tumbo la mtoto hubadilika kwa gesi, kwa minyoo, kwa sahani ya wali aliyotoka kuila. Kigwe hakina namba, kwa hiyo huwezi kujua kimelegea kwa kiasi gani wala kulinganisha na mwezi uliopita. Na cha hatari kabisa: mtoto mwenye utapiamlo mkali wa kuvimba, yule anayejaa maji, kigwe kitambana na watu watasema kanona.

Mizani inaongeza namba, na namba inaweza kuandikwa kwenye kadi ikafuatwa mwezi kwa mwezi. Hilo peke yake linaiweka juu ya kigwe. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita sijui kipimo kinachoishinda. Siku za mwanzo mtoto hupungua, pengine hadi asilimia 7 au 10 ya uzito aliozaliwa nao, na anatakiwa awe ameurudisha kwenye wiki mbili. Baada ya hapo mvulana wa wastani huongeza kilo nzima na zaidi kwa mwezi katika miezi miwili ya mwanzo. Ongezeko kubwa namna hiyo mizani haiwezi kulikosa, na kama halipo, utaliona mapema na utaomba msaada wa kunyonyesha kabla hujakimbilia kopo la maziwa.

Lakini angalia inavyokuwa akishafika mwaka. Kutoka miezi 12 hadi 24 mtoto huongeza kama kilo mbili na nusu tu, yaani gramu 200 hivi kwa mwezi. Mizani ya kuning'iniza, ile ya saa yenye kisuruali, kila mstari wake ni gramu 100. Nepi iliyolowa ina gramu kiasi hicho na zaidi. Akinyonya akashiba kabla ya kupanda, umeongeza nyingine. Mtoto akirusha miguu, mshale unacheza. Nimewahi kurudi nyumbani nikilia kwa sababu mwanangu "amepungua" gramu 300, kumbe mshale wa mizani haukurudishwa kwenye sifuri, na mwezi uliopita alipimwa na nguo. Tangu siku ile kila ninapofika nausogelea mshale kwanza, nauangalia kama uko kwenye sifuri, na mwanangu namvua kila kitu. Muuguzi mwema hakasiriki ukimwomba hivyo.

Kwa hiyo kwa mtoto wa zaidi ya mwaka, usihukumu kwa mwezi mmoja. Tazama mstari wa miezi miwili, mitatu. Ukilala au ukishuka kwa muda huo, sema.

Kubwa zaidi, mizani haijui uzito ule ni wa nini. Mafuta, misuli, mifupa, maji, uji uliomo tumboni: vyote kwake ni kilo. Mwanangu siku ile alikuwa na kilo 10.6. Wastani wa mvulana wa miezi 18 ni kilo 10.9. Kwenye kadi nukta yake ilikaa pazuri, katikati ya njia. Binti wa mdogo wangu alikuwa na 9.2, chini ya wastani wa wasichana wa umri wake ambao ni 10.2, ila bado ndani ya njia. Mizani ilikubaliana na mama mkwe.

Utepe wa rangi tatu

Utepe huu wa mkono wengi mmeuona kwa wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita majumbani. Unapima mzingo wa mkono wa juu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia bila kukazwa. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali, mtoto apelekwe siku hiyo hiyo. Kutoka 11.5 mpaka kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Umetengenezwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na inawezekana kutumia mpaka ule ule mmoja kwa umri wote huo kwa sababu mkono wa juu hauongezeki sana: baina ya mwaka mmoja na mitano ni kama sentimita mbili tu. Hauhitaji kujua tarehe ya kuzaliwa, hauhitaji hesabu, hauhitaji hata kusoma.

Ndani ya mzingo ule mna mfupa, misuli na mafuta. Misuli na mafuta ndiyo mwili unayoyala unaponyimwa chakula, ndiyo maana utepe unamtambua mtoto aliye karibu na kufa vizuri kuliko uzito uliolinganishwa na urefu. Na hauhitaji mtaalamu. Huko Niger walijaribu kuwafundisha akina mama kuwapima watoto wao wenyewe, na wakapima vizuri kama wahudumu wa afya waliosomeshwa. Watoto wakaanza kugunduliwa mapema zaidi. Mimi nasema kila nyumba yenye mtoto Pemba na Unguja ingekuwa na utepe wake umetundikwa msumarini, karibu na kalenda. Ukimpima kila wiki mbili, na siku ya pili baada ya kila homa kali au kuharisha, huwezi kushtukizwa.

Kosa la kawaida ni kuukaza. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuifinya. Ukiona ngozi inatumbukia, umekaza, na utamwingiza mtoto kwenye njano asiyostahili. Kosa la pili ni kuupima mkono juu ya nguo.

Pamoja na utepe, jifunze kidole gumba. Bonyeza juu ya miguu yote miwili, hesabu mpaka tatu polepole, achia. Vishimo vikibaki pande zote mbili, mtoto ana utapiamlo mkali hata kama utepe ni kijani na mizani inapanda. Yale ni maji. Hapa vipimo vingine vyote huweza kudanganya, na kidole peke yake husema kweli.

Tukawapima: mwanangu 15.5, binti 13.6. Wote kijani. Utepe ulimtoa mdogo wangu hofu kubwa, kwa sababu ulimwambia kwa namba kwamba mwanawe hana ukondefu wa hatari. Kwangu haukusema lolote. Utepe huuliza swali moja tu: je, mtoto huyu yuko hatarini leo? Haukuumbiwa kuuliza kama amekuwa akirefuka mwaka mzima.

Ubao

Ubao wa urefu ndio unaochosha kuliko vyote, na ndio unaorukwa kuliko vyote. Nilipofungua kadi ya mwanangu baada ya Idi nikakuta nukta za uzito kila mwezi, zimepangika kama shanga. Upande wa urefu, tangu siku aliyozaliwa, hakuna hata alama moja. Katika kituo tulichokuwa tunakwenda ubao ulikuwepo. Ulisimamishwa nyuma ya kabati, na maboksi yameegemezwa juu yake. Siwalaumu sana wauguzi, maana nimeona foleni zao, mama arobaini na mmoja anapima peke yake. Lakini mwanangu alikwenda pale mara kumi na saba.

Ubao unataka watu wawili. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa chali: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu huku macho yakitazama juu moja kwa moja, mwingine anabana magoti yanyooke na kusukuma kibao cha chini mpaka nyayo zilale sawasawa. Kuanzia miaka miwili husimama. Akilala mtoto huwa mrefu zaidi ya akisimama kwa sentimita 0.7 hivi, kwa hiyo usishtuke kama siku ya kubadilisha namna ya kupima anaonekana hakuongezeka. Husomwa kwa milimita. Mwaka wa pili mtoto huongeza kama sentimita moja kwa mwezi, na goti lililokunjwa linakula sentimita hiyo yote. Mtoto atalia. Alie. Ni nusu dakika.

Tulikwenda kituo kingine, Wete, ambako wauguzi wawili walikubali kutusubiri mpaka foleni ipungue. Mwanangu: 76.0. Nikasema alikuwa anajikunja, wakampima tena: 75.9. Mara ya tatu: 76.0. Mvulana wa miezi 18 wastani wake ni sentimita 82.3, na mpaka wa chini, ambao akiwa chini yake huhesabiwa kuwa amedumaa, ni 76.9. Mwanangu, yule wa mapaja yenye mikunjo, alikuwa chini ya mpaka. Binti wa mdogo wangu akalazwa: 81.5. Wastani wa wasichana ni 80.7. Alikuwa mrefu kupita wenzake, na wembamba wake ulitokana na hilo. Uzito wake kwa urefu ule ulikuwa upande wa chini lakini mzima. Hakubemendwa na mtu.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikamwangalia mtoto wangu anavyocheza na kadi yake mwenyewe. Jambo gumu zaidi lilikuwa kukubali kwamba mwezi hata mmoja sikuwa nimemnyima chakula.

Hoja inayotolewa sana huku ni kwamba vipimo hivi ni vya wazungu, na sisi watu wa visiwani ni wafupi kwa asili. Nilikuwa naiamini. Mistari iliyoko kwenye kadi imetokana na viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, na vilitengenezwa kwa kuwapima watoto kama 8,500 waliolelewa vizuri na kunyonyeshwa katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Ghana ni Accra. Omani ni Muscat, mji ambao familia nyingi za Wete zina ndugu huko. Na walichokiona ni kwamba watoto wa miji hiyo yote walirefuka karibu sawa: tofauti baina ya nchi na nchi ilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti yote ya urefu, ilhali asilimia 70 ilikuwa baina ya mtoto na mtoto wa mahali pamoja. Ufupi wa asili upo wa mtu na mtu. Wa kisiwa kizima, katika umri huu, haupo.

Viwango hivyo vilisahihisha na kosa jingine. Michoro ya zamani ilitegemea sana watoto waliolishwa maziwa ya kopo. Mtoto anayenyonya hujaa haraka miezi miwili mitatu ya mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Kwenye michoro ile alionekana anaanguka, na akina mama wengi wakaambiwa maziwa yao hayatoshi. Ukikuta mtu bado anakwambia hivyo kwa sababu tu mwanao wa miezi mitano si mnene kama wa jirani anayekunywa kopo, mwombe akuoneshe kwenye kadi.

Ubao ukikutana na mizani ndipo unapopata kipimo bora cha mafuta ambacho kituo cha kawaida kinaweza kukupa: uzito kwa urefu. Hapo huulizi tena "ana kilo ngapi kwa umri wake" bali "ana kilo ngapi kwa mwili alionao". Kwenye mchoro wake wastani ni mstari wa 0. Mtoto aliye chini sana ya hapo ana ukondefu. Aliye juu ya mstari wa +2 uzito umezidi, na juu ya +3 ni unene wa kupindukia. Mwanangu kwa sentimita zake 76 alikuwa kwenye +1. Hakuwa mnene wa ugonjwa. Alikuwa mfupi aliyejazwa.

Koleo na mashine

Kuna koleo maalumu za kubana kikunjo cha ngozi nyuma ya mkono na chini ya bega, husoma unene wa mafuta kwa milimita. Viwango vyake vipo kuanzia miezi mitatu. Ndizo zinazopima mafuta moja kwa moja, ila zinataka mkono uliozoea. Watu wawili wasio na mazoezi watakupa majibu mawili. Kuna chumba kidogo cha hewa ambamo mtoto mchanga hulazwa dakika mbili mashine ikapima ujazo wa mwili wake. Kuna na maji yenye haidrojeni nzito, yasiyo na mionzi, ambayo mtoto hupewa kunywa kisha hupimwa mate. Hivyo ni vitu vya watafiti. Mama wa kawaida havimhusu, na asidhani amekosa kitu.

Kabla hujanunua chupa ya kunenepesha

Hili linaingia hapa kwa sababu anayepima kwa jicho huishia dukani. Zipo dawa zinauzwa za "kumjaza" mtoto. Nyingine zina deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, au ndugu zake. Dawa hizo humvimbisha mtoto uso na mashavu, kigwe kitabana, mizani itapanda, na zikitumika kwa muda hupunguza kurefuka. Yaani zinaharibu kile hasa kisichoonekana.

Hata madini ya chuma, ambayo ni dawa njema, si ya kujinunulia. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, katika mazingira ya malaria nyingi, walipata maradhi makali ya kulazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati. Wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walifaidika. Malaria imepungua sana tangu wakati ule, lakini utaratibu ni ule ule: apimwe, kisha apewe.

Nichague kipi?

Mtoto wa chini ya miezi sita: mizani, ile ile moja kila mara, mtoto akiwa uchi. Aliyezaliwa kabla ya miezi yake, umri uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, au utajitia hofu bure.

Kuanzia miezi sita hadi miaka miwili ndipo pa kugombania. Utepe nyumbani, mizani kila mwezi, na ubao kila miezi mitatu. Ukiwa na nauli na nguvu ya kudai kitu kimoja tu kwenye kituo, dai ubao. Sema, kwa adabu: "Dada, naomba na urefu leo." Nakwambia hivi kwa sababu miezi hii ndiyo urefu unapopotea, kisiku kisiku, kwa uji mwepesi na kuharisha kusikoisha, na hakuna kipimo kingine kitakachokwambia.

Kutoka miaka miwili hadi mitano, ubao mara mbili kwa mwaka na uzito kwa urefu. Hapa ndipo unapomwona pia anayezidi, yule anayepozwa kwa soda na biskuti.

Mtoto anayetoka kuugua: utepe na kidole gumba, kabla ya kitu kingine. Na kigwe kifungwe tu kama mnapenda, lakini kisiachwe kitoe hukumu.

Muuguzi wa Wete aliniuliza mwanangu anakula nini. Nikamtajia: uji wa muhogo wenye tui na sukari asubuhi, chai na mkate, wali na mchuzi mchana, uji tena jioni. Samaki? Nikasema hapendi miba. Akaniambia maneno machache. Chai iondoke, kwani inazuia chuma kisiingie mwilini. Uji upungue, usiwe kila mlo. Dagaa wakaushwe, watwangwe, wachekechwe, kijiko kizima kiingie kwenye kila anachokula. Yai kila likipatikana. Tasi wa kuchambuliwa kwa mkono. Kunde zilizopondwa, mchicha, boga. Maji yachemshwe, na choo kisafishwe, kwa sababu alikuwa ameharisha mara tano tangu atimize miezi sita na mimi nilikuwa nasema ni meno.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Mikunjo ya mapaja ikaondoka. Mama mkwe, ambaye anampenda mjukuu wake kuliko macho yake, akaniambia mbele ya watu kwamba nimemkondesha mtoto kwa mambo ya kusoma. Sikumjibu, nilikwenda tu kwenye tarehe zetu. Alipofika miezi 23 alikuwa na kilo 11.0, ongezeko dogo kwa miezi mitano, na sentimita 81.4. Mpaka wa chini wa umri ule ni 81.0. Alikuwa ameuvuka.

Jioni ya Maulidi, Mfungo Sita, tulikwenda tena Konde. Mama mkwe akatoa kwenye sanduku ile kanzu aliyomshonea kwa Idi, akamvisha. Siku ya Idi ilikuwa ikimfunika nyayo mpaka akajikwaa mlangoni. Sasa upindo umesimama kwenye vifundo. Akapiga magoti, akauvuta chini kwa mikono yote miwili, ukarudi pale pale. Akautazama kidogo, kisha akaita ndani aletewe sindano, akaanza kuufumua ule upindo aliokuwa ameukunjia ndani.